Siku Nyundo Alipovua Shati

Shemeji yangu alibatizwa majina matatu na watu ambao hawakumzaa. Alipokuwa mshambuliaji walimwita Nyundo, kwa sababu ya kichwa chake. Krosi ikija, mabeki wawili wakaruka naye, ungesikia mlio kama wa mtu anayegonga msumari, halafu uwanja mzima unalipuka. Magoti yalipomchoka akawa Kocha. Alibeba makombe mpaka rafu ya sebuleni ikapinda, na watu wakasema mtu anayeweza kunyamazisha chumba kizima cha vijana wenye njaa ya sifa, bunge litamshinda nini? Basi akawa Mheshimiwa. Mimi nilimwita shemeji siku zote, kwa kuwa kamuoa dada yangu, na hayo makuu mengine kwangu yalikuwa ya nje ya geti.

Saluni yangu imepakana na nyumba yao, ukuta mmoja, geti moja. Mteja akikaa kusukwa, kabla sijamaliza upande mmoja wa kichwa nimeshajua nani kahama, nani kaachwa, na nani anajifanya hajaachwa. Mdomo wangu hauna breki, na sioni haya kulisema. Dada akitaka habari ifike sokoni kabla ya mboga, alikuwa ananiambia mimi kisha ananisihi nisimwambie mtu. Ndiyo maana lile moja nililolifungia kifuani lilinikaa kama nimemeza kiatu.

Lilianza kwa kuchekesha. Kwenye mkutano mmoja shemeji aliwaahidi watu daraja. Akaeleza upana wake, nguzo zake, taa zake. Daraja lenyewe lilikuwa nyuma ya mgongo wake, magari yanapita, na utepe alikuwa ameukata yeye. Watu walicheka wakashika mbavu. Walidhani anawakejeli wabunge wenzake. Ugonjwa ule kwa mwanasiasa huchelewa sana kugundulika. Mtu kasahau ahadi, nani atashtuka? Kamsalimia mtu yuleyule mara mbili kwa bashasha ileile, si ndiyo kazi yao?

Dada ndiye hakucheka. Mwanamke aliyelala na mtu miaka yote hiyo anajua kicheko cha mzaha na kicheko cha kujifichia. Shemeji alianza kumwita dereva kwa jina la golikipa wake aliyefariki zamani. Siku nyingine alikaa kitandani ameshika soksi moja, akamwuliza Dada kwa upole kabisa, "Tunacheza nyumbani au ugenini?"

Tukaenda hospitali mbali, mji mwingine, tusikojulikana. Mimi nilibebeshwa mkoba na kazi ya kunyamaza. Daktari alikuwa kijana, na nilimwona akijizuia asiombe kupiga picha na Nyundo. Alieleza kwamba ubongo unasinyaa, na ya kwamba kuna uwezekano mkubwa ni ile mipira aliyokuwa akiipiga kwa kichwa, hasa ya zamani ile ya ngozi, iliyokuwa ikinyeshewa inakunywa maji na kuwa nzito kama tofali.

"Nilifunga mengi kwa kichwa," shemeji akasema, kama anajitetea.

"Najua, Mheshimiwa. Baba alikuwa ananihadithia."

"Sasa nimebakiwa na dakika ngapi?"

Daktari akatazama meza. "Refa wa mechi hii haangalii saa, mzee wangu."

Dereva tulikuwa tumemwacha nyumbani; Dada aliendesha mwenyewe wakati wa kurudi mpaka tukaliacha jiji nyuma. Ndipo shemeji akageuka kutoka kiti cha mbele. Uso ulikuwa wake kabisa, ule wa chumba cha kubadilishia nguo timu ikiwa nyuma kwa bao.

"Mnamkumbuka yule winga wetu wa kushoto, aliyepooza? Walimleta uwanjani kwenye kiti cha magurudumu, wakamzungusha mbele ya jukwaa, watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mtu aliyekuwa anawakalisha mabeki chini, mama mmoja anamfinya shavu, anamwambia, 'Mzuri huyu jamani, anacheka!'" Akamtazama Dada. "Wanichukie. Wanitukane. Waseme nimekula hela za barabara. Lakini wasinihurumie. Niapie, mke wangu."

Dada akaapa.

"Na wewe, shemeji. Hasa wewe."

Nikaapa. Kwa hofu, nilishika na mlango wa gari.

Dada alitaka astaafu palepale, uchaguzi ulipokuwa bado mbali. Aseme amechoka, apishe vijana, aondoke watu wakiwa bado wanamshangilia. Yeye akakataa. "Mtu akitoka uwanjani anaongoza, lazima watu waulize ana nini. Nikigombea nikashindwa, hakuna swali. Nikishinda, nitajiuzulu baadaye kwa sababu ya magoti. Magoti yangu kila mtu anayajua." Ukimsikiliza, ulikuwa mpango wa mtu mzima. Tatizo ni kwamba siku nyingine aliusahau yeye mwenyewe, akawa anafanya kampeni kwa moyo wote kama kijana.

Aliyemshikilia asianguke ni Nahodha. Huyu alikuwa nahodha wa timu yake enzi za makombe, kiungo mfupi mwenye miguu ya upinde, na baadaye ndiye aliyemwendeshea kampeni zote. Alikuwa na duka la vifaa vya michezo karibu na stendi, jezi, viatu na vipenga. Dada alimweleza siri, shemeji mwenyewe akiridhia, kwa kuwa bila yeye isingewezekana. Nahodha alilia jikoni kwetu, akanawa uso, akasema, "Haya, shemeji. Tunacheza pungufu, lakini tunacheza."

Kazi yake ikawa kutembea nusu hatua nyuma ya bega la Kocha na kumnong'oneza. "Huyu ni mwenyekiti wa soko. Mkewe kajifungua." Na Kocha anafungua mikono: "Mwenyekiti wangu! Mtoto hajambo?" Watu wanayeyuka. Nakwambia, nimewaona wakiipita barabara nzima ya soko hivyo, mmoja mdomo, mwingine tabasamu, na hakuna aliyeshtuka.

Jukwaani huwezi kumnong'oneza mtu. Hapo walitumia mikono. Enzi zao, Kocha hakupiga kelele mstarini kama makocha wengine. Uwanja una kelele, mchezaji hasikii, unajichosha koo bure. Alifundisha kwa ishara. Ngumi, shambulieni. Kiganja chini, tulizeni mpira. Mikono miwili kukingama juu ya kichwa maana yake dakika zimekwisha, refa anapuliza sasa, mchezo ni huo. Timu nzima ilizijua kama sala. Sasa mambo yakageuka, mchezaji akawa chini ya jukwaa anampa ishara kocha wake. Ngumi, Kocha anapandisha sauti. Kiganja, anashusha. Mikutano mingi ilipita salama, mpaka nikaanza kulala usingizi.

Kisha ukaja mdahalo.

Wagombea wote waliitwa kwenye uwanja wa shule, jukwaa moja, kila mmoja na shati la rangi ya chama chake. Wa kuogopwa alikuwa Wakili, kijana wa miwani, maneno yake yamepigwa pasi kama suruali yake. Nilifunga saluni nikaenda na Dada. Tulikaa mstari wa tatu. Wanawake waliokuwa nyuma yetu walikuwa wateja wangu, na walikuwa wameshaanza.

"Mheshimiwa kakonda."

"Ataachaje kukonda? Dada mtu anampikia majani tu siku hizi."

"Nawasikia," nikawaambia bila kugeuka.

"Tunajua unatusikia, ndiyo maana tunasema!"

Zamu ya shemeji ilipofika alianza vizuri. Alisimulia jinsi alivyokuta zahanati haina mlango, wagonjwa wanashikilia turubai ili upepo usiingie, na yeye akaleta mlango kwa bega lake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Akatazama juu. Kisha akasimulia tena kuhusu zahanati, mlango, turubai, bega. Makofi yalikuwa machache. Nikaona mkono wa Dada umeganda kwenye paja lake. Alipoanza mara ya tatu, "Ndugu zangu, nilikuta zahanati haina mlango," mtu mmoja nyuma alicheka, na Wakili akainua kichwa taratibu kama mbwa aliyesikia sahani.

Nahodha alikuwa chini ya jukwaa, jasho linamtiririka. Alishusha kiganja. Kocha hakuona. Akashusha tena. Mwisho, kwa kuchanganyikiwa, akapandisha mikono yote miwili akaikingamisha juu ya kichwa. Alitaka kusema: tosha, Kocha, kaa chini.

Kocha aliiona. Akakatiza sentensi katikati. Uso ukafunguka, mwanga ukamjia ambao sikuuona tangu tutoke hospitali. Dakika zimekwisha! Akaweka kipaza sauti chini kwa uangalifu, akavuka jukwaa na yale magoti yake mabovu, akampa Wakili mkono, akamkumbatia, akampigapiga mgongoni. Mpaka hapo watu walishangilia, wakaona ni uungwana. Halafu akaanza kufungua vifungo. Akalivua lile shati la chama, akabaki na fulana ya ndani jua likimwakia mabegani, akamnyooshea Wakili kwa mikono miwili. Kisha akasimama anangoja apewe la mwenzake.

Mchezaji yeyote angeelewa. Mechi imekwisha, mmechezeana rafu, mnapeana mikono, mnabadilishana jezi, kila mtu anaenda kwao. Lakini Wakili hajawahi kucheza hata gololi. Kwanza alirudi nyuma. Kisha akili ya mahakamani ikamrudia. Akalichukua shati, akalipunga hewani.

Upande wao ulilipuka. Upande wetu nilisikia bendera tu zinavyopigwa na upepo. Nyundo alibaki pale na fulana yake, mkono umenyooshwa, anatabasamu, anangoja jezi.

Dada ndiye aliyepanda jukwaani. Alimfunika na mtandio wake, akamshusha ngazi moja moja, na hakumtazama mtu.

Uchaguzi sina haja ya kuusimulia. Tulishindwa vibaya. Na kama alivyotaka, walimchukia. Waliandika "msaliti" kwenye geti kwa rangi nyekundu. Saluni yangu ilipoteza wateja, waliobaki wakaja ili wanichunguze usoni. Walisema Wakili alimnunua, kwamba ameahidiwa ubalozi, kwamba kulivua lile shati ilikuwa dalili ya wazi. Nilisuka nikiuma kitana. Kila mtu alikuwa na habari isiyo ya kweli, na ya kweli mle saluni nilikuwa nayo mimi peke yangu, na sikuweza kuitoa. Mungu ana mizaha.

Lakini kuna kitu hatukukipigia hesabu. Mtu mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Video ikazunguka. Ndani yake Nahodha anaonekana wazi, anakingamisha mikono, na papo hapo mzee anavua shati. Chama hakikuhitaji zaidi. Nahodha ndiye aliyeuza mechi! Kocha alitumiwa tu. Kioo cha duka lake kilivunjwa, mipira ikachukuliwa, na wachezaji wenzake wa zamani, watu waliokula naye sahani moja, wakawa wanavuka barabara wakimwona. Mkewe alizomewa kisimani. Alikwenda kwao na watoto, akasema atarudi mambo yakitulia, na mambo hayakutulia.

Nahodha alikuja nyumbani mchana mmoja, mdomo umevimba upande.

"Shemeji," akamwambia Dada, "naomba uniruhusu niseme."

"Useme nini?"

"Kwamba Kocha anaumwa. Basi. Neno moja tu."

"Hilo neno moja ndilo nililoapa kutolisema."

"Wewe uliapa. Mimi sikuapa, mimi nilikubali tu. Nimepigwa leo na mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu."

Dada alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. "Ukisema, watakuja hapa kumwangalia kama maiti iliyo hai. Unataka nimtazame machoni nimwambie nini?"

"Na mimi unanitazama machoni?"

Hakumtazama. Mimi nilikuwa mlangoni na chai kwenye sinia, nikashindwa kuingia wala kutoka. Sikuwahi kumwona dada yangu akiwa mkatili, na alikuwa mkatili huku machozi yanadondokea mashati ya mumewe.

Sauti ikatoka koridoni. "Nani kampiga mchezaji wangu?"

Shemeji alikuwa amesimama pale, amevaa vizuri, viatu vimefungwa. Ilikuwa moja ya saa zake nzuri, zilizokuwa zinapungua. Alimshika Nahodha kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga kama walivyokuwa wakifanya pembeni ya uwanja. Kisha akataka aelezwe, na tukamweleza yote. Kuhusu shati alisikiliza kama habari ya mtu mwingine. Alipofikishwa kwenye video akainua mkono tunyamaze.

"Benchi likikosea," akasema, "mchezaji hapigwi. Kocha ndiye anayekwenda mbele ya waandishi."

"Mume wangu, uliniapisha."

"Nilikuapisha wewe. Mimi mwenyewe sikujiapisha."

Sasa huyo mtu angeweza kuita waandishi wa habari. Angeweza kwenda ofisi ya chama. Alivuka uani akaingia saluni kwangu. Ilikuwa Ijumaa, kila kiti kina mtu, mashine ya kukausha inanguruma, rangi inanuka. Nikaizima mashine. Akavuta kiti cha kuoshea nywele, akakaa.

"Mama zangu, dada zangu. Nimekuja hapa kwa kuwa redio ya taifa inachelewa."

Mmoja akacheka kidogo, akajutia.

"Mimi ni mgonjwa. Hapa." Akagonga paji la uso, pale alipokuwa akifungia mabao. "Nasahau. Siku ile nilidhani mechi imekwisha. Nahodha hakula kitu cha mtu. Alikuwa ananificha. Mkampe mkono. Basi, mnaweza kwenda kutangaza. Wewe mama usiondoke na dawa kichwani, nywele zitakatika."

Nahodha alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Alifunika uso kwa mikono.

Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa na habari hiyo, na kwa mara ya kwanza haikutoka mdomoni mwangu. Mkewe Nahodha alirudi. Vijana walikuja na kioo kipya, wakakipachika wenyewe. Mwenyekiti wa soko alimwomba radhi mbele za watu.

Na kwetu wakaja. Walikuja na matunda, mablanketi, dawa za mizizi, maombi. Waliokuwa wamepaka geti rangi walikuja kulisugua. Mimi nilipenda nyumba ikijaa tangu utoto, na sijawahi kuichukia nyumba iliyojaa kama nilivyoichukia ile. Waliingia wakinyata. Walimsemesha polepole, kwa sauti ya juu, wakitenganisha maneno. "HUJAMBO, MZEE? UMEKULA?" Mwanamke mmoja alimfuta mdomo kwa leso yake, na mdomo haukuwa na kitu.

Yeye, kumbukumbu ya saluni ilikuwa imeshamtoka. Hakujua kwamba ametangaza. Alikaa kwenye kochi amenyooka, anawatazama mmoja mmoja, na niliona anavyojitahidi kutafuta kosa lake.

"Wana nini hawa?" akamwuliza Dada kwa kunong'ona. "Kuna mtu amekufa?"

"Wamekuja kukusalimia."

"Kwa nini wananiangalia hivyo?" Kisha taratibu uso ukabadilika. "Umewaambia."

Dada alikuwa amekaa kando yake kwenye kochi. Angeweza kusema, ni wewe mwenyewe uliyesema, na ingekuwa kweli. Lakini angelazimika kumweleza tangu mwanzo, hospitali, shati, video, kila siku upya, na kila siku angeona anapokea ile habari kama mpya.

"Ndiyo," akasema. "Nimewaambia mimi. Nisamehe."

Shemeji alimtazama. Sijui kama kuna bao aliwahi kufungwa likamwingia vile. Hakufoka. Alijisogeza tu, upana wa kiganja, ili bega lake lisimguse.

Nahodha akaingia akiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa jina lake, amevaa shati jipya, anasalimiana na kila aliyekuwa amemkwepa. Watu walimpisha njia. Alichuchumaa mbele ya kochi, akaweka mkono kwenye goti la Kocha, na bila kujijua akatumia sauti ileile.

"KOCHA WANGU. UNANIJUA MIMI NI NANI?"

"Nakujua," shemeji akasema. "Namba nane. Mbona unanipigia kelele? Mimi si kiziwi."

Watu wakacheka kwa mapenzi, kama mtoto amesema neno lake la kwanza. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na chumba kizima kikamfuata.

Shemeji alisubiri makofi yaishe. Aliinuka, akakataa mkono wa Nahodha, akakataa mkono wa Dada, akaenda chumbani, na tukasikia ufunguo ukizungushwa. Nahodha alibaki amechuchumaa mbele ya kochi tupu. Wageni wakaniuliza kwa huruma kama atatoka tena, na kwa kuwa wengi walikuwa wametoka mbali, nikaenda kuongeza maji kwenye birika.